Kilometa na Njia ya Saa Thelathini na Tatu

"Nitajieni viwanja viwili vyovyote vya ndege duniani, vya mbali kama mnavyotaka, nami nitawaambia umbali na saa za kusafiri kabla hamjameza mate. Tena bila kugusa kompyuta! Na niwaambie jambo moja: mimi sihitaji kupanda ndege. Ndege zote zimeshapita humu."

Hapo akajigonga paji la uso kwa maikrofoni, spika zikatoa mlio wa ngoma iliyochanika, na watu wakacheka.

Ilikuwa sherehe ya miaka kumi na mitano ya ofisi ya tiketi za ndege: keki moja, soda vuguvugu, viti vya plastiki vya kukodi, na wateja wa siku zote waliokuja kwa ajili ya keki. Aliyeshika maikrofoni alikuwa karani wa dirisha la tatu, mwenye kipara kilichonyooka katikati ya nywele kama njia ya kurukia ndege. Jina lake la kwenye kitambulisho lilishasahaulika. Wote walimwita Kilometa. Hata mkewe alimwita hivyo akiwa na furaha. Akiwa na hasira alimwita "wewe".

"Singapuri mpaka Nyu Yoki!" akapaza sauti dereva wa teksi anayeegesha mlangoni pao.

"Kilometa elfu kumi na tano mia tatu na hamsini. Saa kumi na nane na nusu, na dakika chache za kuchezea."

Mwenye ofisi, mama mnene mwenye miwani ya kukaa kwenye nywele badala ya machoni, akatazama simu yake, akainua dole gumba. Makofi yakalia.

"Na hapa mpaka kwa mama mkwe wako?" dereva akachokoza.

"Hiyo haina ndege ya moja kwa moja. Lazima upitie kwa mke."

Watu walicheka mpaka soda zikawatokea puani. Kilometa akarudi kitini akitembea kama mtu aliyekabidhiwa funguo za dunia. Ila maikrofoni ni kitu kibaya. Ukijisifu pembeni watu husahau. Ukijisifu kwenye maikrofoni wanakuwekea akiba.

Ujuzi wake haukuwa uchawi. Mezani kwake palikaa tufe la dunia lenye mzunguko wa sentimita mia moja kamili, na kwenye droo ya juu alikuwa na uzi mweusi wa kushonea aliouwekea alama ya wino mweupe kila sentimita. Akitaka umbali, alibana ncha ya uzi kwa kidole hapa, akauvuta mpaka kule ukakakamaa, akahesabu alama. Kila sentimita ni kilometa mia nne. Jumla yake unaigawanya kwa mia nane na hamsini, mwendo wa ndege kwa saa, unaongeza nusu saa ya kupaa na kutua, kazi imekwisha. Wateja wageni walioona uzi ule walidhani anataka kuwashonea vifungo.

Miaka kumi na minne alivuta uzi huo, akawarusha watu kila pembe ya tufe, na yeye mwenyewe hakuwahi kuinuka kutoka ardhini zaidi ya urefu wa ngazi ya kubadilishia balbu. Mara moja tu alifika uwanja wa ndege, kumpelekea mteja pasipoti aliyoisahau kaunta. Alikomea kwenye mlango wa kioo. Mteja akaipokea, akasema "asante kaka", akaingia, na mlango ukajifunga wenyewe taratibu mbele ya pua ya Kilometa, kwa adabu kabisa, jambo lililomuuma kuliko kama ungejibamiza.

Kwa hiyo alikuwa na gere, na lilikuwa limepata cheo kwa kukaa muda mrefu. Aliwaonea gere wanafunzi wanaokwenda kusoma, wafanyabiashara wanaokwenda kununua vipuri, na bibi mmoja aliyekwenda kuona wajukuu na kurudi akilalamika kuwa kiti kilimbana. "Kilimbana!" Kilometa alimwambia mkewe jioni ile, akikata mkate kana kwamba mkate ndio umemkosea. "Mtu amekaa juu ya mawingu saa kumi na moja na dakika ishirini, anakuja kuniambia habari ya makalio."

Nyumbani, juu ya kabati, kulikuwa na begi la magurudumu, la bluu, alilonunua miaka tisa iliyopita kwa ajili ya safari yake ya kwanza. Lilikuwa bado na karatasi yake ya dukani. Mkewe aliweka humo sare za shule zilizowabana watoto, lakini kila mwezi Kilometa alilishusha, akalizungusha magurudumu, akalirudisha. Mtu asiyemjua angesema analifanyia mazoezi.

Mwezi wa pili baada ya sherehe, shirika jipya la ndege likafungua ofisi mjini na kuwapa mawakala zawadi: tiketi moja ya bure, kwenda na kurudi mpaka jiji lao kuu huko ng'ambo, na wiki moja ya malazi. Karani mmoja aende akaone, arudi auze akijua anachouza. Viza wangeishughulikia wao.

Kilometa alisikia habari hiyo Ijumaa. Jioni hiyohiyo akatoa sare za watoto ndani ya begi. Jumamosi akanyoa ndevu. Jumapili akavuta uzi: sentimita kumi na tisa na nusu. Kilometa elfu saba mia nane. Saa tisa na dakika arobaini. Aliihesabu mara nne, na mara zote nne moyo ulimdunda mahali palepale, kwenye nusu saa ya kupaa na kutua.

Jumatatu mwenye ofisi akawaita wote.

"Tiketi inakwenda dirisha la kwanza," akasema.

Dirisha la kwanza alikaa shemeji yake Kilometa, mdogo wa mkewe, binti wa miaka ishirini na nne aliyeingia kazini miezi minane iliyopita. Aliyemwingiza ni Kilometa mwenyewe, baada ya mkewe kumpigia magoti na mama mkwe kumpigia simu. Huyu ndiye aliyeuliza, wiki yake ya kwanza, kama mizigo ya abiria hufungwa juu ya paa. Sasa alipiga kelele, akamkumbatia mwenye ofisi, akamkumbatia mfagiaji, akaja kumrukia Kilometa shingoni.

"Shem! Mimi! Shem, mimi napanda ndege!"

"Hongera," Kilometa akasema. Neno lilitoka na kutu.

Alisubiri ofisi itulie, akamfuata mwenye ofisi chumbani kwake. "Bosi, sina neno. Nauliza tu. Miaka kumi na minne…"

"Kilometa wangu," yule mama akashusha miwani kutoka kwenye nywele, dalili kwamba anasema la dhati, "nilikufikiria wewe kwanza. Lakini wewe mwenyewe ulisema mbele ya watu, kwenye maikrofoni, kwamba huhitaji kupanda. Nikaona nikikupa nitakuwa nimekutusi. Huyu mtoto hajui kitu, acha akajifunze. Wewe zimeshapita kichwani."

Kilometa akageukia mlango. Angeweza kusema, "Nilidanganya, bosi, nataka kupanda mpaka naota." Ni maneno machache, hayazidi hayo. Akasema, "Kweli, bosi," akatoka.

Nyumbani kulikuwa kumeshachangamka. Mama mkwe alikuwa amefika na furaha yote ya ukoo. Na katikati ya sebule, juu ya zulia, begi la bluu lilikuwa wazi, shemeji amepiga magoti anapanga viatu.

"Nimempa begi lako," mkewe akasema. "Si linakaa tu?"

"Linakaa tu," akakubali Kilometa, macho yake kwenye ile karatasi ya dukani iliyochanwa na kutupwa chini.

"Baba, mbona umenuna?" mama mkwe akauliza.

"Sijanuna, mama. Ndio uso wangu."

"Wa wapi? Uso wako tunaujua. Huo umeukopa."

Wakacheka wote. Kilometa naye akacheka, kicheko cha meno bila tumbo. Ndani, kijiba cha roho kilikuwa kimekaa kitako na kukunja miguu.

Kesho yake tiketi ikaletwa dirishani kwake iandaliwe. Hapa ndipo penyewe. Katika ofisi ile, tiketi za madirisha yote zilipita mikononi mwa Kilometa, maana yeye ndiye aliyejua kuunganisha ndege. Shirika liliruhusu msafiri apite njia yoyote ya kwao au ya washirika wao, mradi afike. Ndege ya moja kwa moja ilikuwa na viti arobaini na kimoja vitupu. Kilometa akavitazama viti hivyo kwenye kompyuta kwa muda, akafunga ukurasa, akafungua droo, akatoa uzi.

Kwanza akamrusha shemeji yake mashariki, upande usiohusika kabisa: kilometa elfu tano na mia moja, saa sita na nusu. Huko akampa kusubiri. Kanuni ya lile shirika aliijua kama aya: abiria akisubiri saa nane, kuanzia mlango wa ndege kufunguliwa, analazwa hoteli na kulishwa kwa gharama ya shirika. Kilometa akamtafutia saa saba na dakika hamsini. Dakika kumi pungufu ya kitanda. Alipoipata akaguna kwa raha, kama mtu aliyekunwa mgongoni.

Kisha akamvusha kaskazini, kilometa elfu sita mia nane, saa nane na nusu. Akamsubirisha tena, saa sita na dakika arobaini, katika kiwanja kidogo ambacho mkahawa wake hufungwa mapema. Halafu kipande cha mwisho, kilometa elfu mbili mia tano na hamsini, saa tatu na nusu. Viti vyote akamchagulia safu ya nyuma kabisa, katikati, ubavuni mwa choo.

Akajumlisha. Kilometa elfu kumi na nne mia nne na hamsini badala ya elfu saba mia nane. Saa thelathini na tatu badala ya tisa na dakika arobaini. Ilikuwa kazi safi kuliko zote alizowahi kufanya, na hakukuwa na wa kumwonyesha.

"Ile ya moja kwa moja imejaa," akamwambia shemeji. "Utazunguka kidogo. Kurudi umepata moja kwa moja."

"Wewe ndiye mjuzi, Shem." Akasaini bila kusoma hata mstari.

Siku ya safari Kilometa aliingia kazini mapema, akafungua kwenye kompyuta ramani inayoonyesha ndege zikiwa angani. Saa tatu asubuhi kijidege cha njano kikaachana na mji wao, kikaelekea mashariki, kimepotea njia kwa utaratibu maalumu. Kila alipomaliza mteja mmoja alikichungulia. Alikuwa na furaha ya ajabu, ile furaha inayoacha ladha ya sarafu mdomoni. Kila mara alimwona shemeji yake amebanwa katikati, mlango wa choo ukimgonga magotini, na kila mara, bila kutaka, alimwona pia ameinama kutazama dirishani. Hapo furaha ilikata.

Alasiri akashtuka. Kijidege kilikuwa karibu mno. Akatazama saa, akavuta uzi, akahesabu, akavuta tena. Hesabu yake ilikuwa sahihi. Ndege ndiyo iliyokosea.

"Wana nini hawa?" akauliza kwa sauti.

Dereva wa teksi, aliyeingia kunywa maji ya bure, akachungulia. "Upepo wa nyuma huo. Unaisukuma. Mteja wangu rubani husema kuna siku wanafika mpaka ngazi haijaletwa."

Kilometa alijua kuwa kuna upepo, kama mtu anavyojua kuwa kuna wafalme. Lakini uzi hauna upepo. Ndege ilitua dakika ishirini na tano kabla ya wakati, mlango ukafunguliwa, na kusubiri kwa saa saba na dakika hamsini kukawa saa nane na robo.

Haikupita saa moja, simu ya mkewe ikaanza kupokea picha. Mkewe akazituma kwa Kilometa, moja baada ya nyingine, bila huruma, maana hakujua. Shemeji juu ya kitanda cha kulala watu wanne. Shemeji na bafu. Shemeji na sahani yenye nyama za aina tatu. Kisha sauti yake: "Dada, mwambie Shem wamenilaza hoteli! Maji ya moto yanatoka ukutani! Na ndani ya ndege safu yangu nzima ilikuwa tupu, watu hawapendi kukaa karibu na choo, nimelala viti vitatu kama malkia!"

Kilometa aliisikiliza mara mbili, akaweka simu kifudifudi mezani, akamkatia mteja aliyekuwa mbele yake tiketi ya tarehe isiyo yake.

Vipande vingine navyo vikamgeuka. Kile kiwanja kidogo ambacho mkahawa wake hufungwa mapema kilikuwa na ukuta mzima wa kioo, na nje yake theluji. Shemeji alikaa saa sita na dakika arobaini anatazama theluji ikianguka, na familia ya wasafiri wengine ikamgawia mikate yao. Kipande cha mwisho kilipita juu ya milima wakati jua linazama. Alipiga picha kumi na tisa za bawa la ndege. Kilometa alizihesabu, akazikuza, akatafuta kasoro, akakosa.

Wiki ikaisha, shemeji akarudi. Jumapili ukoo ukakutana sebuleni kwa Kilometa. Begi la bluu lilikuwa pale, limekwaruzwa kona zote, limebandikwa vikaratasi vya viwanja vinne. Sasa lilikuwa begi lililoiona dunia. Shemeji akasimama katikati ya zulia.

"Nina la kusema. Mimi ningepewa ile ya moja kwa moja, ningelala, ningeamka, nimefika. Ningekuwa nimeona nini? Lakini huyu," akamnyooshea Kilometa mkono, "alikaa na uzi wake akanitengenezea njia. Hakuniambia, alitaka nishangae. Ameniweka mahali nilale hoteli, ameniweka nione theluji, ameniweka nione jua likizama nyuma ya milima. Kaka wa tumbo moja asingenifanyia hivi."

Mama mkwe akapangusa macho. "Na mimi nilisema amenuna."

Mkewe akamtazama kwa jicho ambalo Kilometa hakuwa ameliona tangu mtoto wa pili. Hapo alikuwa na nafasi ya pili ya kusema kweli, na hapa pia maikrofoni haikuwepo.

"Si kitu," akasema.

"Ila hesabu yako ilikosea dakika ishirini na tano, Shem," shemeji akamtania, akampa zawadi: vipande vitatu vya pasi za kupandia ndege, vimekunjwa ndani ya bahasha. "Weka kwenye tufe lako."

Jumatatu mwenye ofisi akamwita. Miwani ilikuwa imeshashuka machoni.

"Funga mlango. Nimepitia kumbukumbu. Ndege ya moja kwa moja siku ile ilikuwa na viti arobaini na kimoja vitupu."

Kilometa akahisi kipara kinapata baridi. "Bosi…"

"Ulimzungusha makusudi."

"Ndiyo, bosi." Akaona afadhali liishe. "Makusudi kabisa. Mimi nilikuwa na…"

"Na akili ya biashara!" Yule mama akapiga meza, kikombe kikaruka. "Tangu jana simu yangu haipumui. Yule mtoto ametuma picha zake kila mahali, watu wanataka njia ileile, saa zilezile, safu ileile ya chooni! Nimeongea na shirika, wamekubali. Kusubiri kwa kwanza tutaweka saa nane kamili, hoteli iwe uhakika. Tutaita Safari ya Shemeji. Yeye atakuwa dirisha la kwanza anasimulia, kwa sababu amefika. Wewe utakata tiketi. Na tiketi ya bure ya mwaka ujao nimeomba apewe tena yeye, akatufunulie njia nyingine. Wewe utampangia. Mnafanya kazi vizuri sana nyie wawili."

Bango likabandikwa kwenye kioo: bawa la ndege, milima, jua, na kona ya chini shemeji mwenyewe anacheka. Tangu siku hiyo Kilometa alisikiliza habari ya maji ya moto yanayotoka ukutani mara tisa kwa siku. Shemeji alisimulia vizuri zaidi kila mara; theluji iliongezeka, kitanda kikapanuka, mteja akasukumwa mpaka dirisha la tatu akiwa ameshalainika. Kilometa alikata tiketi ya kwanza ya njia ile, na ya kumi, na ya arobaini. Njia aliyoifuma kwa roho mbaya, nukta kwa nukta, na watu arobaini walikuwa wameipita kabla yake.

Alhamisi moja akaja mama wa makamo, mshonaji, kidole chake bado kina kikofia cha chuma cha kusukumia sindano. Akakaa, akatazama tufe, akautazama uzi.

"Huo wa namba arobaini," akasema.

"Naam?"

"Uzi. Ni mzuri, haukatiki. Naitaka hii Safari ya Shemeji. Yule binti amenimaliza kabisa. Lakini nauliza na wewe: ulipoipita, uliionaje?"

Wateja wote walishawahi kuuliza hivyo, na jibu lake lilikuwa tayari: kilometa elfu kumi na nne mia nne na hamsini, mama, zote nzuri. Upande wa pili shemeji alikuwa anacheka na mteja, mikono juu, anaonyesha ukubwa wa kitanda. Kilometa akauzungusha uzi kidoleni mpaka ncha ikabadilika rangi.

"Sijaipita, mama. Sijawahi kupanda ndege."

"Hata moja?"

"Hata moja."

Mshonaji akamtazama vizuri, kama anayempima mabega. "Basi nani ameipanga hivi?"

"Mimi. Niliipanga kwa wivu. Nilitaka yule pale ateseke."

Yule mama akacheka mpaka kile kikofia kikamtoka kidoleni, kikabingirika chini ya kaunta. "Nyie wa ofisi hii mna maneno! Haya, mcheshi, niambie bei."

Kilometa akainama, akakiokota, akakipangusa kwa shati lake, akamrudishia.

"Kwenda na kurudi ni milioni mbili, laki nane na elfu hamsini."